Anayeambiwa Habari ya Mauti: Nafsi na Kifo kutoka Al-Inkishafi hadi Kichwamaji

Tungo za Kiswahili zinazotaja mauti zimezoeleka kutiwa katika fungu moja liitwalo mawaidha. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mshairi wa kale alikusudia kuwakumbusha waumini kuwa dunia ni mapito na Akhera ndiyo makao. Akishalijua hilo huhesabiwa kuwa amelijua shairi. Uainishaji huo si wa uwongo. Dosari yake ni kwamba hauulizi ni nani anayewaidhiwa. Mtu anayewaambia jamaa waliokusanyika msikitini kwamba kila nafsi itaonja mauti, na mtu anayejiambia mwenyewe usiku kwamba yeye atakufa, huenda wakatumia maneno yale yale. Lakini hawasemi kutoka mahali pamoja, wala hawaogopi kitu kimoja.

Kosa linalokaribiana na hilo hutokea kwa wale wanaotafuta mtazamo wa Mwafrika juu ya kifo, kana kwamba upo mmoja. John Mbiti, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichotoka mwaka 1969, aliyatwaa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake ya wakati. Kwa maelezo yake, marehemu hubakia karibu na walio hai maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Akishakosa wa kumkumbuka, huzama katika zamani. Nadharia hiyo imewafaa wengi, na itaonekana hapa chini kuwa inaweza kumulika hata shairi la sharifu wa Pate. Walakini ni nadharia ya waliobaki, si ya anayekwenda. Inaeleza namna ukoo unavyomhifadhi mfu wake. Haielezi namna mtu mmoja anavyolala na kuamka na habari ya kufa kwake mwenyewe, na hilo ndilo ambalo fasihi, kuliko taaluma nyingine yo yote, ina uwezo wa kulisema.

Makala haya yanadai kwamba katika fasihi ya Kiswahili msimamo wa mtunzi mbele ya mauti hudhihirika kwanza kwa yule anayemwambia, na baadaye tu kwa itikadi anayoitaja. Itikadi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir na ile ya Mwana Kupona binti Mshamu ni moja. Wote wawili ni Waislamu wa Pate, na baina ya kufa kwa mmoja na utunzi wa mwingine haikupita hata nusu karne. Hata hivyo vifo vilivyomo katika tungo zao havifanani.

Sayyid Abdallah alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Pate, mji ulio katika kisiwa chenye jina hilo, pamoja na Siyu na Faza, katika visiwa vya Lamu. Hukisiwa kwamba alifariki karibu na mwaka 1820. Kwa hiyo aliishi hadi siku ambazo utukufu wa mji wake ulikuwa umeshapasuka. Vita vya Shela vya takriban mwaka 1812, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa, vilikuwa pigo ambalo Pate haikuinuka tena. Magofu ya mji huo yapo hata leo, na kwa miaka mingi wakulima wamepanda tumbaku baina ya kuta zake.

Wahakiki wengi wameanzia kwenye magofu hayo na kuishia papo hapo, wakalisoma shairi kama kumbukumbu ya mji ulioanguka. Wengine wamekwenda mbele kidogo. William Hichens, aliyelichapisha mwaka 1939, aliliona kuwa ni habari ya roho iliyoamka. James de Vere Allen, katika chapa yake ya Nairobi ya mwaka 1977, aliliona kuwa ni mahojiano ya nafsi. Maelezo ya Allen yanakaribia zaidi, ijapokuwa yana upungufu. Mahojiano hutaka pande mbili. Katika Al-Inkishafi mtunzi huusemesha moyo wake, huuuliza, huukemea, huubembeleza, huutaka uzungumze. Jibu la moyo halipati nafasi ya kusimama peke yake. Hata ubishi wake hutajwa na mtunzi mwenyewe, kama jambo ambalo huenda moyo ukalinena. Basi anayewaidhiwa hapa si umati. Ni mtu mmoja ambaye ameshasikia mawaidha yote, anayajua, pengine anawafundisha wengine, na bado hajaamini kwamba yanamhusu. Neno lenyewe inkishafi lina maana ya kufunuliwa. Kinachofunuliwa hakiwezi kuwa ile habari ya kwamba watu hufa, maana habari hiyo haikupata kufichwa.

Hilo likikubalika, mpangilio wa shairi huonekana kwa sura nyingine. Sehemu ya kwanza imejaa mifano ambayo imesifiwa sana: dunia ni bahari iliyochafuka yenye matumbawe, ni kisima kisicho na ukingo, ni vumbi linaloonekana katika mwali wa jua na lisiloshikika, ni taa iliyowekwa kwenye upepo, ambayo mtu huiona sasa na papo hapo haipo. Ni mifano mizuri, lakini ni mifano ya watu wote. Mwalimu ye yote wa kisomo angeweza kuitoa. Mtunzi anairundika mmoja juu ya mwingine, na wingi huo ni dalili kwamba hakuna hata mmoja uliofanya kazi. Moyo umeusikia mfano wa bahari, haukutikisika. Ukapewa wa kisima. Ukapewa wa vumbi. Mhakiki anayeihesabu mifano hiyo kuwa pambo tu huwa amepitwa na jambo lililo muhimu kuliko upambaji, yaani kushindwa kwake.

Ndipo mtunzi anapoiacha mifano na kuingia majumbani. Hapa lugha inabadilika tabia. Inakuwa lugha ya mtu anayeorodhesha mali. Zimo taa za kioo na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana. Vimo vitanda, magodoro, mito ya rangi ya kijani kichwani na miguuni. Wamo wakandaji, wapepeaji na wanawake walioimba mpaka mabwana wakapata usingizi. Kisha orodha ile ile inasomwa kinyume. Aliyelala juu ya godoro sasa amelala katika nafasi ya shubiri, bila zulia. Uso uliosifiwa umegeuka, usaha na damu vyatiririka, mabuu hupita puani na mdomoni. Nyumbani, pale penye vidaka vya kuwekea sahani za kigeni, ndege wamefanya makao, popo wananing'inia, buibui wametanda penye vitanda, kumbi za mazungumzo zimeachiwa nyenje. Anayesema si kweli anaambiwa aende mwenyewe akaite: hakuna atakayemwitikia ila mwangwi.

Inafaa kukaa kidogo na mito ile miwili. Mhubiri anayetaka kuonyesha upuuzi wa utajiri hahitaji kujua kwamba mto mmoja uliwekwa kichwani na wa pili miguuni, wala kwamba ilikuwa ya kijani. Anayeyajua hayo ni mtu aliyeingia katika chumba hicho, na pengine aliyepata kulala humo. Taa nazo zinastahili kuangaliwa. Awali taa ilikuwa mfano wa uhai, na ulikuwa mfano kama mifano mingine. Majumbani inarudi ikiwa taa ya shaba, kitu cha kushikika, chenye mwenyewe, nayo imezimika kweli. Shairi halikulegeza hoja yake kwa kuingia katika vitu vidogo vidogo. Limepata hatimaye njia ya kuufikia moyo usiosikia kanuni.

Halafu yanakuja majina. Mtunzi anauliza wako wapi, naye hawaulizii Firauni na Karuni peke yao, ambao kila mtu angewategemea. Anawaulizia watu wa Pate kwa majina yao. Miongoni mwao yumo Ali bin Nasir. Jina la mtunzi mwenyewe ni Abdallah bin Ali bin Nasir. Awe huyo ni baba yake, awe ni jamaa mwingine aliyeitwa hivyo, msikilizaji wa Lamu au Pate hangeweza kulisikia jina hilo katika orodha ya wafu bila ya kukumbuka kwamba ni sehemu ya jina la anayesema. Mtu amefika katika orodha hadi mahali ambapo jina linalofuata ni lake. Hapa ndipo nadharia ya Mbiti inapofaa, na ndipo inapogeuzwa pia. Kutajwa kwa jina kunamweka marehemu karibu, kama Mbiti anavyosema. Lakini kwa anayetaja, ukaribu huo si faraja. Mfu anakumbukwa ili aliye hai ajione.

Katika miaka ya 1970 na 1980, uhakiki katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ulipotawaliwa na swali la matabaka, Al-Inkishafi ilihojiwa upande mwingine: je, si maombolezo ya mabwana walioishi kwa jasho la watumwa? Swali hilo ni la haki, na waliolipuuza kwa hoja kwamba shairi ni la dini walijinyima jambo la kuona. Wakandaji, wapepeaji na waimbaji wamo shairini kwa kazi zao tu. Wakati wa kuuliza wako wapi unapofika, hakuna anayewaulizia. Mauti, ambayo kwa mujibu wa mawaidha humsawazisha bwana na mtumwa, hayakuisawazisha orodha. Hata hivyo upungufu huo hauwi sababu ya kulitupa shairi. Unathibitisha kwamba mtunzi hakuwa akiwazungumzia binadamu wote kutoka juu. Alikuwa akiwaita wale tu ambao kukosekana kwao kulimuuma, na mipaka ya uchungu wake ni mipaka ya tabaka lake.

Sehemu ya Jahanamu inayofuata ni ya kawaida kwa kiasi kikubwa; majina ya mioto na adhabu zake yanapatikana katika tungo nyingine nyingi, na haihitaji maelezo marefu. Kuhusu bahari ya shairi inatosha kutaja kwamba kila mshororo una mizani kumi, na kituo huja baada ya mizani ya sita, hivi kwamba nusu ya pili daima ni fupi kuliko ya kwanza. Mistari mitatu ya ubeti hukubaliana kwa kina, na wa nne hurudi kwenye kina kile kile tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Linapoimbwa kwa sauti, jinsi lilivyokusudiwa, masikio huujua mwisho wa ubeti kabla haujafika.

Utendi wa Mwana Kupona umepata bahati mbaya zaidi mikononi mwa wahakiki. Alice Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lililoelekeza macho yote kwenye wajibu wa mke kwa mumewe, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya wajibu huo: wako waliousifu kwa kufunza adabu, wako walioulaumu kwa kumtia mwanamke utumwani, na mwaka 1991 Ann Biersteker alipendekeza usomwe upya kwa kuyaangalia mamlaka yaliyo katika lugha ya mtunzi. Katika kelele hizo imesahauliwa hali ambayo utendi ulitungwa. Ni mwaka 1858. Mwana Kupona ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said wa Unguja. Ameugua mwaka mzima. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi. Miaka miwili hivi baadaye mtunzi amekufa.

Asiyeikumbuka hali hiyo husikia amri za mama mkali. Anayeikumbuka husikia mtu anayefanya haraka. Mwana Kupona haulizi kifo ni nini. Hana nafasi ya swali hilo. Mbele yake ameketi msichana ambaye hatakuwa na mama, katika mji ambao baba hayupo na adui yupo, na anachoweza kumwachia ni maneno, ambayo mwenyewe anayalinganisha na kidani cha lulu na marijani cha kuvishwa shingoni. Mauti hapa hayaondoi thamani ya mambo ya dunia kama yanavyofanya kwa Sayyid Abdallah. Yanaiongeza. Namna ya kumwamsha mume aliyelala, namna ya kusema na wakubwa na watumwa, usafi wa nyumba na wa mwili, vyote vinakuwa vizito kwa sababu anayevijua anaondoka navyo. Kwa sharifu, kitanda ni ushahidi wa upuuzi. Kwa mama, kitanda kinafaa kitandikwe vizuri.

Yapo mahali ambapo mtunzi huyu anaiacha kazi ya kufunza. Anapoeleza maisha yake na baba wa mtoto, anasema kwamba mume alipofikiwa na ajali alikuwa radhi naye, akamshukuru. Kisha anaongeza kwamba tangu siku hiyo hadi siku ya kutunga hajaacha kulia kila akumbukapo mapenzi yao. Kwa upande wa hoja, kisa hicho ni mfano wa mke mwema, naye binti anatakiwa aufuate. Lakini machozi hayamo katika hoja. Hakuna fundisho linalohitaji kwamba mjane awe bado analia baada ya miaka miwili. Wahakiki wanaoutetea utendi kwa dini na wale wanaoulaumu kwa siasa wameupita ubeti huo kwa mwendo mmoja, ilhali ndio unaoonyesha kwamba utii uliofunzwa kwa beti nyingi ulikuwa, kwa mwanamke huyu mmoja, umechanganyika na kitu kingine ambacho hakukiwekea jina la wajibu. Anayetaka kuujadili utumwa wa mke katika utendi huu hana budi kuyajadili na machozi hayo, aseme yanamthibitishia au yanampinga.

Katika karne ya 20 Shaaban Robert alitunga shairi la kumwomboleza mkewe Amina, na hapo msikilizaji ni maiti mwenyewe. Ni hatua ambayo watunzi wawili wa Pate hawakuichukua. Mume anamwambia mke habari ya kuondoka kwake, kana kwamba hajaipata. Anamfananisha na ua lililochanua kisha likajifunga. Anamwombea, na anashikilia kwamba kifungo cha mapenzi yao hakikufunguliwa na kaburi. Shaaban Robert, ambaye mahali pengine hana uvivu wa kutoa maonyo, hapa haonyi mtu. Shairi ni fupi na huimbwa na watu ambao hawajui kitabu chake kingine cho chote, labda kwa sababu hiyo hiyo: mfiwa anayeliimba hahitaji kubadili ila jina.

Tofauti kubwa inakuja na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake Kichwamaji ya mwaka 1974 ilipokewa na wengi kama kazi ya kukata tamaa iliyoazimwa Ulaya, na jina la Camus limetajwa mno kila inapojadiliwa. Kwamba mwandishi aliwasoma wanafalsafa hao si siri. Lakini ukiiweka riwaya hii karibu na Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, utaona kuwa haihitaji kuelezwa kwa Ulaya peke yake. Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Dada yake Rukia anaharibiwa na Manase, rafiki yake mwenyewe, naye anakufa, mama anakufa. Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase. Ugonjwa alioupata katika anasa unamfikia mtoto, ambaye anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida na haishi. Kazimoto anajiua.

Inafaa kuulizwa ni nani angeambiwa na mtu huyu habari ya mauti yake. Sayyid Abdallah alikuwa na moyo wa kuukaripia kwa sababu aliamini kwamba upo usawa ambao moyo umeukosa. Kazimoto ameshauchokonoa moyo wake kwa akili ya chuoni mpaka hakuna aliyebaki ndani wa kukaripiwa. Mwana Kupona alikuwa na binti. Mtoto wa Kazimoto amemtangulia kaburini, na amekufa kwa urithi aliopewa na baba. Shaaban Robert aliweza kusema na aliyekufa kwa kuwa alitumaini kukutana naye. Kazimoto hana tumaini hilo. Waliosema kwamba riwaya imeukana utamaduni wa Kiswahili wa kuzungumzia mauti hawakuona kwamba inamwondoa msikilizaji mmoja baada ya mwingine, na ni wale wale ambao utamaduni huo ulikuwa umewazoea.

Lawama kwamba Kezilahabi hatoi njia ina ukweli, na haifutiki kwa kumwita mwanafalsafa. Manase na Kazimoto ni wasomi wa kizazi cha mwanzo baada ya uhuru, waliopelekwa shuleni kwa gharama ya vijiji vyao. Kuwaacha wafe au waoze bila ya kijiji kusema neno la mwisho ni uamuzi wa mwandishi, na mhakiki ana haki ya kuupinga. Ila kuupinga kwa kumtaka aandike mawaidha ni kumtaka arejeshe msikilizaji ambaye riwaya nzima imeonyesha kuwa hayupo. Masimulizi ya nafsi ya kwanza yanamwacha mtu mmoja tu wa kuambiwa, naye ni msomaji asiyejulikana, asiye moyo wa msimulizi, wala binti yake, wala mkewe. Kazimoto anamweleza huyo mambo ambayo hakumweleza Sabina.